Mstari wa Kumi na Moja

Mara ya kwanza nilipobonyeza kitufe cha "Ongeza mtu", mstari mpya ulichomoza chini ya jedwali, mtupu na msafi, kama kiti kilichovutwa kwa ajili ya mgeni. Nikabonyeza tena, ukaja mwingine. Nikabonyeza tena na tena. Shangazi alipogeuka kutoka kwenye pasi nilikuwa nimeshaleta duniani watu sitini na tatu wasio na majina, nami nimejiziba mdomo kwa kiganja, mabega yananicheza kwa kicheko.

"Kimya," akasema, "hao wote wamekuja kushona nini?"

"Bado hawajasema," nikajibu.

Mafundi wote wakaangua kicheko. Si kwamba jibu lilikuwa kali sana, ila kwangu mimi maneno mawili mfululizo yalikuwa hotuba. Ndiyo maana waliniita Kimya. Karakana yetu ya ushonaji ilikuwa ghorofani, juu ya duka la rangi, ina cherehani nne, meza ndefu ya kukatia na dirisha moja kubwa. Chini ya dirisha hilo palikuwa na meza ndogo ya kupokelea wateja, na juu ya meza hiyo sasa palikuwa na kompyuta.

Miaka miwili nilikuwa nashona vifungo. Nikifumba macho nilikuwa naona matundu manne manne. Siku za wateja wengi shangazi alikuwa ananiita nipime watu na kuandika vipimo kwenye vikaratasi, na hizo ndizo zilikuwa sikukuu zangu. Nilikuwa naweza kumpima mtu kifua, bega na kiuno bila kusema naye neno zaidi ya "geuka".

Fomu mpya ilitengenezwa na shemeji yangu, mume wa dada. Kazi yake ni kutengeneza kurasa za kompyuta za maduka na zahanati, na pale karakanani walimbatiza Injinia, jina ambalo alilipokea bila kubisha. Fomu yenyewe ilikuwa kama kabati. Juu kabisa unaandika mteja. Chini yake kuna jedwali la watu, kila mtu na mstari wake. Ukiufungua mstari wa mtu, ndani yake kuna jedwali jingine dogo, la mavazi yake, nalo lina kitufe chake, "Ongeza vazi". Droo ndani ya droo. Ukikosea unabonyeza "Futa", mstari unayeyuka na kila kilichomo ndani yake.

Siku ya kwanza iligoma kidogo. Kila mtu mpya alikuja na vipimo vya mtu aliyemtangulia, kwa hiyo bibi mmoja na mjukuu wake wa miaka sita wakawa na kiuno kimoja. Injinia akarekebisha kwa dakika mbili akipiga mluzi.

"Imekwisha hiyo, shemeji. Sasa haikosei tena. Pakitokea kosa, ni la kidole."

Jumatatu shangazi akaniita kwenye ngazi, mahali anapoitia watu wa kusifiwa na watu wa kufukuzwa.

"Kesho inakuja bendi ya matarumbeta," akasema. "Watu kumi na mmoja, sare mpya, Jumamosi wanapiga kwenye ufunguzi wa uwanja. Oda hiyo utaipokea wewe, kwenye fomu. Ikitoka salama, meza ya dirishani ni yako moja kwa moja. Ikiharibika, rafiki yangu ana binti mwenye cheti cha kompyuta. Ataanza Jumatatu ijayo, na wewe utarudi kwenye vifungo. Umenielewa?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Na vikaratasi vyako nimevifungia kabatini. Sitaki mtu mwenye mguu mmoja huku na mwingine kule."

Bendi ilikuja saa tatu asubuhi, na ngazi zilijua. Walipanda na ngoma zao, na matarumbeta yao, na mwisho kabisa akapanda kiongozi wao, mtu mpana kama mlango wa mbele, amevaa lile tarumbeta kubwa kuliko yote linalomzunguka mpigaji kama chatu. Ilimbidi aingie mlangoni ubavu ubavu.

"Nipime mwisho, mwanangu," akaniambia. "Nahodha hushuka wa mwisho."

Nikawapima na kuwaandika. Wa nne alikuwa mpiga tarumbeta dogo, kijana mwembamba waliyemwita Njiti. Koti, suruali. Wa tano, wa sita. Kila nilipobonyeza "Ongeza mtu" mpiga ngoma aligonga ngoma mara moja, *du*, na mstari ukachomoza, na mimi nikawa natabasamu kwenye skrini kama nimeona mchumba. Kiongozi alikuwa wa kumi na moja: koti, suruali na kizibao. Kumzungusha utepe kiunoni ilibidi nimkumbatie. Inchi arobaini na nane.

Nikiwa karibu kubonyeza "Hifadhi", simu ya Njiti ikalia. Akasikiliza, uso ukamshuka.

"Kazini wananituma safari. Jumamosi sipo."

"Mfute!" kiongozi akanguruma.

Nikamfuta. Mstari wa nne ukayeyuka, koti na suruali ndani yake. Njiti akashuka ngazi kichwa chini. Bendi wakakaa kunywa maji na kumsema. Hawakufika nusu ya chupa, tukasikia miguu ikipanda ngazi mbili mbili.

"Safari imeahirishwa! Nirudisheni!"

"Tumeshakuzika," mpiga ngoma akasema.

"Nifukueni! Tena koti tu, jamani, suruali nyeusi ninayo nyumbani, mpya. Nilikuwa natamani tu."

Nikabonyeza "Ongeza mtu". *Du*. Mstari mpya ukachomoza chini kabisa, chini ya kiongozi. Nikaandika Njiti, koti, kifua thelathini na nne. "Hifadhi". Pakatokea maandishi ya kijani: Imehifadhiwa, na printa ikatema karatasi ya kwenda kwa mkataji. Nikaona raha hadi kwenye vidole vya miguu.

Sasa lazima niseme jambo moja kuhusu karakana yetu. Mkataji wetu, Mzee Mkasi, zamani alikuwa anakata kwa macho. Anamwangalia mtu anavyotembea, anakata. Siku moja akamkatia bwana harusi koti kwa kumtazama kumbe aliyemtazama ni kaka wa bwana harusi. Tangu siku hiyo shangazi aliweka sheria: karatasi imesema, mkasi ukate. Hakuna kuuliza, hakuna kukisia, hakuna "mimi nilidhani". Mzee Mkasi akaishika sheria hiyo kwa ukali wa mtu aliyeonewa.

Alhamisi mchana bendi wakaja kujaribu. Nguo zilikuwa zimetundikwa kwenye kamba, nyekundu zenye mistari ya dhahabu, zinang'aa. Mmoja mmoja wakavaa. Koti la mpiga ngoma lilimkaa kama lilimwagwa juu yake. Shangazi akaniangalia, nikaangalia sakafu, nikawa nahesabu hatua kutoka pale nilipo mpaka meza ya dirishani. Tisa.

Kisha Njiti akatoka nyuma ya pazia.

Koti lilikuwa zuri. Lakini chini ya koti alikuwa amevaa suruali pana mno, miguu yake yote miwili imeingia katika mguu mmoja wa suruali, na mguu wa pili ulikuwa unamfuata nyuma. Mkononi ameshika kizibao kilichoweza kufunika cherehani.

"Mimi niliagiza koti," akasema polepole. "Hii ni ya nani? Ya familia?"

Karakana ilipasuka. Mpiga ngoma aliingia kwenye mguu uliobaki wazi, wakatembea pamoja mpaka dirishani na kurudi. Mmoja alianguka juu ya marobota ya vitambaa akawa anapiga teke hewani. Mimi mwenyewe nilicheka mpaka nilipomwona kiongozi amesimama mbele ya kamba tupu.

"Na yangu?" akauliza.

Kicheko kikakatika kama uzi.

Shangazi akachukua karatasi iliyotoka kwenye printa. Akasoma kwa kidole, akasoma tena. "Humu kuna watu kumi. Kiongozi hayumo." Akaniangalia. "Kimya. Umemsahau mtu mwenye ukubwa huu?"

Nikatikisa kichwa kukataa.

"Mzee Mkasi!" shangazi akageuka. "Mtu kifua thelathini na nne, kiuno arobaini na nane, hukujiuliza?"

"Karatasi imesema, mkasi umekata," Mzee Mkasi akajibu, mikono nyuma. "Nikajua ndiye mchekeshaji wa bendi. Kila bendi inaye."

"Tunaye," mpiga ngoma akasema, "lakini si huyu."

Injinia akaitwa kwa simu. Alifika baada ya robo saa, akasikiliza, akatabasamu tabasamu la kumwonea mtu huruma.

"Shemeji, si nilikwambia? Kompyuta haisahau. Ulisahau kumwongeza mzee, halafu ukachanganya mistari. Hutokea. Si kosa lako, ni kutozoea tu. Yule binti mwenye cheti..."

Basi hapo ndipo nilipoona vifungo. Vifungo mia, vifungo elfu, matundu manne manne yananitazama. Na katikati yake nikaona kiuno cha arobaini na nane. Nilikikumbatia mwenyewe.

"Kama sikumwandika," nikasema, "kiuno chake kimeingiaje?"

Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyoituma. Wote wakageuka. Mpiga ngoma akagonga *du* bila kukusudia.

"Hicho kiuno ni cha kiongozi," nikaendelea, nikimwonyesha Injinia karatasi. "Hiki kizibao cha hamsini na mbili ni cha kiongozi. Viko humu. Mimi nilimwandika. Fomu yako imemla mwenyewe ikabakisha suruali."

"Ooo!" bendi nzima ikasema.

"Haiwezekani," Injinia akasema, lakini tabasamu lilikuwa limeshaanza kutoka jasho.

Sikujua namna ya kumweleza. Maneno yangu yalikuwa yameisha, nilitumia akiba ya wiki. Nikachukua chaki ya kukatia, nikawapanga bendi mstari mmoja kutoka mlangoni mpaka kwenye pasi, na nikaanza kuwaandika namba vifuani, juu ya makoti mapya.

"Makoti!" shangazi akapiga yowe.

"Inafutika kwa brashi," Mzee Mkasi akamtuliza. "Mwache. Naona kitu kinakuja."

Moja, mbili, tatu, Njiti nne, mpaka kumi. Kiongozi hakuwa na koti, kwa hiyo kumi na moja nikaiandika kwenye mdomo wa tarumbeta lake. Hakulalamika. Alivuta pumzi tu akasimama wima kama yuko kwenye gwaride.

Nikamshika Injinia mkono, nikamsimamisha mbele yao. "Wewe ndiye fomu."

"Mimi ndiye fomu," akasema.

"Fomu haina mdomo!" mpiga ngoma akapaza.

Nikamtoa Njiti mstarini, nikamfuta ile nne kwa kiganja, nikamtoa mpaka nje kwenye ngazi. Suruali yake ilichelewa kidogo kutoka. Nikahesabu mpaka tano, nikamrudisha, nikamweka mwisho kabisa, kando ya kiongozi. Nikampa Injinia chaki.

"Amerudi. Mpe namba, kama fomu inavyompa."

Injinia akacheka. "Rahisi. Fomu inahesabu waliopo, inaongeza moja." Akapita mbele ya bendi akiwagusa vichwa. "Moja, mbili, tatu, wewe, wewe, sita, saba, nane, tisa, mzee kumi. Waliopo kumi. Kwa hiyo anayeingia ni wa kumi na..."

Chaki ikabaki hewani. Macho yake yakaenda kwenye mdomo wa tarumbeta. Kumi na moja ile ilikuwa kubwa kama sahani.

Pakawa kimya, kimya ambacho si mimi.

Kiongozi akaweka mdomo kwenye tarumbeta na kupuliza. *Buuuuuuu.* Madirisha yakatetemeka, na chini kwenye duka la rangi mtu akaangusha kopo.

"Nimehesabu waliopo!" Injinia akapiga kelele, amejishika kichwa. "Nimehesabu waliopo! Watu wawili, namba moja! Mzee aliweka nguo zake kwenye droo ya kumi na moja, Njiti akaja akaambiwa droo yako ni hiyo hiyo. Jina lake likafunika jina la mzee. Koti lake likafunika koti la mzee. Suruali hakuagiza, kwa hiyo..."

"Kwa hiyo ya mzee ikabaki," Mzee Mkasi akamalizia, "na mimi nikaikata vizuri sana."

"Sasa sisi kwenye vikaratasi," nikasema, na nikashangaa kuona bado nasema, "mtu akiondoka, namba yake inaondoka naye. Haipewi mtu. Akirudi, hata akiwa yeye yule, anapewa inayofuata ile kubwa kuliko zote tulizowahi kutoa. Namba ni za kwenda mbele tu."

Injinia alinitazama kama mtu aliyeambiwa nyumba yake ina mlango wa pili. Kisha akakimbilia kompyuta. Bendi ikamfuata, shangazi akafuata, hadi ile meza ya dirishani ikawa haionekani. Alikuwa anaandika, anafuta, anaandika, anajisema peke yake. "Kihesabu kisichorudi nyuma. Kisichorudi nyuma. Mtoto wa darasa la kwanza angejua."

"Usiwatukane watoto," Mzee Mkasi akasema.

"Tayari! Jaribu, shemeji."

Nikaingiza bendi upya, mmoja mmoja, *du*, *du*, *du*. Nikamfuta Njiti, ambaye alitoka mwenyewe nje bila kuambiwa. Nikamwongeza, akarudi. Hifadhi. Karatasi ikatoka kwenye printa: watu kumi na mmoja, kiongozi na kiuno chake, Njiti chini yake na koti moja tu. Bendi wakarukaruka mpaka cherehani zikacheza. Injinia akainua mikono miwili kama mshindi.

Nami nikawa bado naitazama skrini.

"Na mavazi?" nikauliza.

"Mavazi gani?"

"Ndani ya kila mtu. Nikifuta suruali ya katikati halafu nikaongeza koti jingine. Huko ndani nako unahesabu waliopo?"

Injinia akasogelea kompyuta. Aliinama polepole mpaka paji la uso likalala juu ya vitufe, na kwenye skrini, ndani ya nafasi ya jina la mteja, ikaanza kujiandika herufi moja, gggggggggg, isiyo na mwisho.

Kiongozi alicheka mpaka tarumbeta likacheka naye, maana hakuwa amelitoa mdomoni. Sauti ile siwezi kuieleza. Ni kama tembo ametekenywa. Ilipotoka, hakuna aliyebaki amesimama. Mpiga ngoma alikaa juu ya ngoma. Shangazi, ambaye sijawahi kumwona akicheka akiwa na pini mdomoni, alizitema pini zote mezani na kushikilia ubavu. Njiti alijaribu kukimbia, akakanyaga ule mguu wa suruali, akaenda kifudifudi kwenye marobota akiwa bado anacheka.

Injinia alirekebisha ndani, na ndani ya ndani. Nikamfutia suruali za katikati kumi, nikamwongezea makoti ishirini, nikageuza kila kitu juu chini. Haikumla mtu tena.

Ilibaki sare ya kiongozi. Mzee Mkasi alikunja mikono ya shati. "Kitambaa kipo. Suruali ipo, imeshashonwa, ameivaa huyo. Kizibao kipo. Ni koti tu. Kesho saa sita limekwisha, karatasi ikisema."

"Karatasi imesema," shangazi akajibu. Halafu akanigeukia. Nikajua sasa ni ngazini. Lakini hakuniita ngazini. Alisema pale pale, mbele ya watu wote.

"Fomu ilikosea, na mimi nilikulaumu wewe. Na aliyegundua ni wewe, si mwenye fomu." Akatoa simu. "Rafiki yangu? Salama. Yule binti asije Jumatatu, nafasi imejaa. Nani? Mtoto wa kaka yangu. Cheti?" Akanitazama juu mpaka chini. "Ana chaki."

Bendi nzima ikapiga makofi. Kiongozi akagonga meza ya dirishani kwa kiganja. "Basi kwa furaha hiyo, dada, tuongezee wote kizibao! Kila mtu! Hata mchekeshaji!"

"Si mchekeshaji!" Njiti akalia kutoka kwenye marobota.

Nikavuta kiti, nikakaa. Nikafungua mstari wa kwanza, nikabonyeza "Ongeza vazi", *du*, nikaandika kizibao. Mstari wa pili, *du*. Wa tatu. Nilitaka kusema asante. Nilikuwa nimeipanga vizuri, asante shangazi, asante shemeji, asanteni bendi. Nikafungua mdomo, na baada ya kicheko kile chote, kilichotoka ni kwikwi.

"Asa—*hik*."

*Bu*, tarumbeta kubwa likajibu.

"Asan—*hik*."

*Bu.*

"Mwacheni aandike!" shangazi akafoka, machozi ya kicheko yanamtiririka. Nikaendelea kuandika, mstari kwa mstari, vizibao kumi, *du*, *hik*, *bu*, na dirishani chini yangu wauza rangi wote wametoka nje, wameshika viuno, wanatazama juu kujua huku kuna sherehe gani.